Chembe iliyozaliwa na gesi hukuaje hadi kubeba tone la wingu?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Jiografia, sekondari, hapa Mafinga. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba mvuke wa maji haufanyi wingu mpaka upate kitu cha kushikilia: vumbi, moshi au chumvi ya bahari. Juzi nimesoma kwamba chembe nyingi za kushikilia hazitoki ardhini wala baharini, ila huzaliwa hukohuko hewani kutokana na gesi, zikiwa na molekuli chache tu. Hapo nimekwama. Kitu kidogo namna hiyo kinakula nini mpaka kibebe tone? Na kama chakula chake ni gesi za uchafuzi, si kingekua haraka mijini kuliko huku kwetu kwenye mipaina? Mwisho, kuna namna yoyote ya kuziona?

Jibu: Mwalimu, usifute ulichoandika ubaoni. Somo hilo ni la Mfaransa Paul-Jean Coulier, aliyelionyesha mwaka 1875, na Mskoti John Aitken aliyefuata miaka michache baadaye. Hewa iliyochujwa kwa pamba, hata ukiijaza mvuke, ilikataa kufanya ukungu ndani ya chupa. Hewa isiyochujwa ilifanya mara moja. Hilo halijabadilika. Kilichoongezeka ni orodha ya vitu vya kushikilia. Hesabu za kompyuta zinazoigiza hewa ya dunia nzima zinaonyesha kwamba karibu nusu ya viini vya mawingu, yaani hivyo vitu vya kushikilia, vilianza kama gesi.

Tuanze na vipimo, maana ugumu wote umejificha humo. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wako una unene wa nanomita kama 70,000. Chembe inapozaliwa ina kipenyo cha nanomita 1 na nusu hivi. Ili iweze kuwa kiini cha tone la wingu, inatakiwa ifike nanomita 50 hadi 100. Ukisikia 1 na nusu kwenda 75 unaona ni mara 50 tu. Lakini hicho ni kipenyo. Kwa ujazo ni 50 mara 50 mara 50, yaani chembe inapaswa kuongezeka mara 125,000. Mtoto wa kilo tatu angeongezeka hivyo angekuwa na tani 375.

Na haipewi muda wa kutosha. Hewani kuna chembe kubwa zilizotangulia: masizi, vumbi, chumvi, na zile za jana zilizokwisha kunenepa. Chembe changa ni nyepesi mno, inarukaruka huku na huku kwa kugongwa na molekuli za hewa, na kila inapoigusa chembe kubwa inanata na kumezwa. Ni maisha ya vifaranga vya samaki kwenye mwamba: anayechelewa kukua analiwa. Gramu hazipotei, kwa kuwa kilichomezwa kimo tumboni mwa aliyemeza. Kinachopotea ni idadi, na wingu hujali idadi kuliko gramu. Wengi wa vifaranga hawa hufa kabla ya kufika nanomita 3. Ndiyo maana sisi tunaopima mambo haya hatuulizi chembe ngapi zimezaliwa bila kuuliza papo hapo zinakua nanomita ngapi kwa saa.

Sasa chakula. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa asidi ya salfuriki. Salfa dioksidi hutoka kwenye makaa ya mawe, mitambo ya kuyeyushia madini na volkano. Mchana jua hutengeneza hewani vipande vikali vya molekuli viitwavyo haidroksili, navyo huigeuza gesi hiyo kuwa mvuke wa asidi. Mvuke huu una sifa moja adimu: ukishagusa kitu, haurudi hewani. Ukishirikiana na amonia, ile ya samadi na mkojo wa mifugo, au na ndugu za amonia waitwao amini, unaweza kuanzisha kichembe pasipo na kitu chochote cha kushikilia. Kwa kuzaliwa, asidi hii ni mkunga mzuri.

Kwa kulea, haitoshi. Fanya hesabu nami. Ili chembe ikue nanomita 1 kwa saa kwa asidi ya salfuriki peke yake, kila sentimita moja ya ujazo wa hewa inatakiwa iwe na molekuli za asidi zipatazo milioni 10. Inasikika nyingi, lakini sentimita hiyohiyo ina molekuli za hewa bilioni bilioni 25, kwa hiyo asidi ni molekuli moja katika trilioni mbili na nusu. Kwenye misitu ya kaskazini mwa Ulaya mara nyingi haifiki hata kiasi hicho. Hata hivyo chembe za huko huonekana zikikua nanomita 3 hivi kwa saa, na siku nyingine zaidi. Kuna mlishaji mwingine, na kwa miaka mingi hakujulikana ni nani.

Wewe, Mwalimu, unamnusa kila siku. Harufu ya mipaina ya Sao Hill jua linapowaka ni mvuke uitwao alfapinini na ndugu zake, jamii ya terpini, inayotoka kwenye utomvu na sindano za miti. Ikitoka mtini ni nyepesi na tete, haina uwezo wa kutulia juu ya chembe. Hewani inakutana na ozoni. Hapo molekuli inavunjwa mahali pamoja, nayo inaanza kufyonza oksijeni ya hewa, inajipinda, inafyonza tena, inajipinda tena, yote kwa sekunde chache. Mwisho wake ni molekuli ileile ya mti lakini imebeba atomu za oksijeni sita, saba, nane au zaidi. Imekuwa nzito na yenye kunata. Mwaka 2014 kundi la watafiti wakiongozwa na Mikael Ehn wa Ufini walionyesha jinsi mvuke huu unavyotokea haraka na kwa wingi, na kitendawili cha mlishaji kikaanza kuteguka.

Lakini kwa nini mvuke wowote wa mti usitulie tu juu ya chembe? Hapa ndipo wanafunzi wangu wote hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fikiria daladala iliyojaa. Abiria wa katikati hawezi kuanguka hata akitaka, kwa kuwa amebanwa kila upande. Konda aliyening'inia mlangoni ameshikwa na mkono mmoja tu; gari likiruka tuta, kazi anayo. Molekuli iliyo juu ya uso bapa wa kimiminika ina majirani chini na pembeni, wote wanaivuta. Iliyo juu ya kitufe kidogo sana, ambacho uso wake umepinda mno, ina majirani wachache. Ni konda wa mlangoni, inachomoka kwa urahisi. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliandika kanuni ya jambo hili mwaka 1871, akiwa anafikiria matone ya maji.

Ukiitia kanuni hiyo tarakimu za mvuke wa kawaida wa miti, unapata picha ya kutisha. Juu ya chembe ya nanomita 2, molekuli hutoroka kwa nguvu inayokaribia mara 200 ya pale ambapo uso ungekuwa bapa. Kwenye nanomita 10 ni mara tatu hivi. Kwenye nanomita 50 tofauti imebaki robo tu. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo, lakini kibaba cha chembe changa kina tundu, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo tundu lilivyo kubwa.

Kwa hiyo mwanzoni chembe inaweza kulishwa tu na zile molekuli chache mno zisizotoroka kamwe: asidi ya salfuriki na mivuke mizito kabisa ya miti. Ikishavuka nanomita tano hivi, mivuke ya daraja la pili, ile inayotoroka kidogo, nayo inaanza kukaa. Hii ni mingi zaidi. Ikifika kumi, ishirini, mlango umefunguka kwa wengi. Ndiyo maana chembe haikui kwa mwendo mmoja. Huanza kwa kusuasua kisha inachanganya mwendo. Hili lilithibitishwa mwaka 2016 kwa vipimo vya mradi wa CLOUD katika CERN, maabara kubwa ya fizikia karibu na Geneva, ambako kuna tangi la chuma cha pua la mita za ujazo 26, safi kiasi kwamba mtafiti anaweza kuingiza mvuke mmoja baada ya mwingine na kuona kila mmoja unafanya nini. Mwaka huohuo walionyesha pia kwamba mivuke ya miti pekee, bila asidi ya salfuriki hata kidogo, inaweza kuzaa chembe na kuzilea. Maana yake kabla ya viwanda, misitu ilikuwa na uwezo wa kujitengenezea viini vya mawingu yake.

Niseme kidogo jinsi tunavyoziona zikikua, kwa sababu watu hudhani tunafuatilia chembe moja kama daktari anavyopima mtoto kliniki. Haiwezekani. Mara ya kwanza nilipoachiwa mashine ya kuhesabia peke yangu, kwenye saa nne asubuhi, jua safi, hesabu ikapanda kutoka chembe elfu mbili hadi zaidi ya elfu kumi kwa kila sentimita ya ujazo. Nikatoka mbio kutafuta nani kawasha pikipiki karibu na bomba la kuingizia hewa. Hapakuwa na pikipiki. Mchana kutwa kundi lilelile likawa linasogea kwenye kioo cha mashine, nanomita tano, kumi, ishirini. Usiku lilikuwa arobaini. Ukilichora, saa chini na ukubwa pembeni, unapata mchoro uliojikunja kama ndizi, na wanasayansi dunia nzima huuita hivyo, ndizi. Kwenye kituo cha Hyytiälä huko Ufini, katikati ya msitu wa paina uliopandwa mwaka 1962, wamekuwa wakikusanya ndizi hizi tangu Januari 1996. Mtafiti Markku Kulmala na wenzake wamejenga sehemu kubwa ya elimu hii juu ya data za msitu huo mmoja.

Lakini ndizi ina hila yake. Upepo wa mita 5 kwa sekunde husafiri kilomita 18 kwa saa. Chembe ikikua nanomita 3 kwa saa, kutoka 2 hadi 80 itachukua saa 26, na katika muda huo hewa imekwenda kilomita 470 hivi, karibu urefu wa barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Chembe tunazozipima jioni si zile za asubuhi. Ni ndugu zao waliozaliwa saa ileile mbali sana upande wa upepo unakotoka. Tunaona mchoro usiokatika kwa sababu tu tukio limetokea kwa wakati mmoja juu ya eneo la mamia ya kilomita. Mahali ambapo kuna chanzo kimoja kidogo, ndizi hukatika au haionekani kabisa.

Mfano wa kukatika uko Mace Head, pwani ya magharibi ya Ireland. Maji yakipwa mchana, mwani mkubwa wa kahawia unabaki juani na kutoa mivuke ya iodini, na chembe mpya hufumuka kwa mamia ya maelfu. Nusu saa baadaye upepo umezipeleka kwingine. Wa pwani ya kwetu wakinisoma wasikimbilie kudhani mashamba ya mwani ya Zanzibar yanafanya vilevile: mwani wa Mace Head ni wa jamii nyingine, yenye shehena kubwa ya iodini.

Sasa swali lako la mji. Umefikiri sawasawa, ila umehesabu upande mmoja wa daftari. Ni kweli mjini chakula ni kingi. Lakini walaji pia ni wengi. Masizi ya magari na moshi wa mkaa ni uso mkubwa sana wa kunasa vitu. Katika hewa safi ya msitu, molekuli ya asidi huelea dakika kadhaa kabla ya kugonga chembe yoyote. Beijing, siku ya ukungu mzito wa moshi, haimalizi dakika. Chakula kinanaswa na wakubwa kabla hakijawafikia wadogo, na wadogo wenyewe wananaswa pia. Ni adhabu mara mbili.

Kwa maoni yangu, mahali pazuri kuliko pote pa chembe kukua si mjini wala porini kabisa, bali pale ambapo gesi za mji au za mitambo hufika bila moshi wake. Hifadhi ndogo ya wanyama ya Botsalano, katika jimbo la North West la Afrika Kusini, ni mahali pa namna hiyo. Ni savana tupu, jua kali, lakini upepo huleta salfa kutoka kwenye mitambo ya madini na ya umeme wa makaa ya mawe. Vipimo vya huko vilikuta chembe mpya zikizaliwa takriban siku saba katika kila kumi. Hyytiälä haifikii hapo hata katika miezi yake mizuri. Volkano inaweza kufanya kazi hiyohiyo: kwenye kisiwa cha Reunion, kituo cha Maïdo, zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari, kimepima chembe zikizaliwa na kukua ndani ya hewa iliyopita juu ya Piton de la Fournaise. Kwa upande wetu, volkano za Nyiragongo na Nyamulagira huko mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya salfa dioksidi duniani. Malighafi ipo.

Hata hivyo Beijing huwa na ndizi pia, na jambo hili lilitusumbua sana. Kwa hesabu ya walaji na walishaji, vifaranga vile visingefika popote. Sehemu ya jibu ilitoka kwenye tangi la CERN mwaka 2020. Mivuke miwili ya kawaida ya mjini, asidi ya nitriki inayotokana na moshi wa injini, na amonia, hewa ikipoa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi huungana juu ya chembe ya nanomita chache kama chumvi, na kuikuza kwa zaidi ya nanomita 100 kwa saa. Haidumu, ni dakika tu, kwenye mfuko wa hewa baridi unaopita mtaani. Lakini dakika hizo zinatosha kuivusha chembe kwenye ule umri wa kufa. Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 njia hii imefungwa, chumvi hiyo huvukiza na kurudi ilikotoka. Lakini usiisahau kabisa, kwa kuwa hata hapa tropiki ukipanda kilomita nne juu utaikuta hewa ya nyuzi 5.

Jambo moja ambalo ningekuomba usiwaambie wanafunzi: kwamba kila msitu ni mlezi. Miti mingi ya majani mapana hutoa mvuke mwingine, isoprini, ambao hugombania haidroksili zilezile na kuharibu utengenezaji wa mivuke mizito. Msitu wa Amazon una mivuke mingi kupindukia, lakini karibu na ardhi ndizi ni adimu. Chembe zake nyingi huzaliwa juu sana, kilomita nane na zaidi, ambako mawingu ya radi yamepandisha mivuke na baridi imeipunguzia uwezo wa kutoroka, kisha hushuka taratibu. Mipaina yako na mikaratusi ya jirani si kitu kimoja hewani, ingawa kwenye ramani yote ni kijani.

Hatua ya mwisho ya ukuaji ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Chembe ikifika nanomita 60 au 80, ikaingia kwenye hewa inayopanda, inavuta maji na kuwa tone la nanomita elfu kumi au zaidi. Mawingu mengi hayanyeshi, huvukiza na kutoweka. Lakini kabla hayajatoweka, salfa dioksidi huyeyuka ndani ya matone na kugeuzwa humo kuwa salfeti. Maji yakiondoka, salfeti inabaki. Chembe iliyoingia na nanomita 70 inatoka na zaidi ya mia. Wingu limekilisha kiini chake, na mara ya pili kitashika maji kwa urahisi zaidi.

Kuziona? Moja moja, hapana, hata kwa hadubini ya maabara yenu. Mashine zetu zenyewe hazizioni zikiwa changa. Huzipitisha kwenye mvuke wa alkoholi ili zivimbe, ndipo leza iweze kuzihesabu. Lakini zikiwa mabilioni na zimekaribia nanomita mia, hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Mwaka 1960 Frits Went, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliandika kwamba utando wa buluu unaoning'inia juu ya misitu hutokana na mivuke ya miti yenyewe. Tahadhari: hata hewa tupu hutawanya buluu, kwa hiyo rangi ya kilima cha mbali pekee si ushahidi. Linganisha. Chagua kilima kimoja cha mbali upande wa mashamba ya paina, ukitazame saa tisa alasiri siku iliyofuata mvua, kisha saa ileile baada ya siku tatu au nne za jua bila mvua. Kikiwa kimefifia kwa ubuluu, mipaina imefanya kazi. Kikiwa kimefifia kwa kijivu au kahawia, kama Septemba, hapo unatazama moshi wa watu wanaochoma mashamba. Wape wanafunzi daftari la tarehe na rangi, waanze mara mvua za Mei zikikatika, kabla ya mioto.